Vinara wa Webuye na Jirani Zake

Ukitaka kuwasha mabishano kwenye steji ya bodaboda ya Webuye, uliza tu ni sikukuu gani iliyofana kuliko zote upande huu wa mto Nzoia. Mmoja atakutajia Madaraka ya 2024 pale Kanduyi. Wa pili atasema Krismasi, na hataona haja ya kujieleza. Wa tatu, hasa akiwa na mvi, atakuuliza kwanza kama unahesabu na tohara, maana kama unahesabu basi wengine wote wakae chini. Akipita mtu wa Kakamega na kukumbusha kwamba wao walikaribisha Mashujaa ya 2018 katika uwanja wa Bukhungu, miaka sita kabla ya Bungoma kupata zamu yake, huyo atajibiwa kwa kelele.

Hakuna kitabu cha rekodi kinachomaliza ubishi huo. Kwa hiyo nimetumia mizani yangu: nani aliyelipia shughuli, nani aliyekuja kwa miguu yake bila kubebwa na lori la mwanasiasa, na kitu gani kilichobaki baada ya mahema kung'olewa. Kwa mizani hiyo baadhi ya vigogo huporomoka, na wengine ambao hawajawahi kutajwa kwenye taarifa ya habari hupanda juu.

Iliyoingia kwa kishindo

Tuanze na ile isiyoweza kurukwa. Jumamosi ya 1 Juni 2024, Kenya iliadhimisha Madaraka Dei ya 61 katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, pembezoni mwa mji wa Bungoma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sherehe hiyo ya kitaifa kufika kaunti hii tangu siku yenyewe, 1 Juni 1963, nchi ilipopata serikali ya ndani. Mada ya mwaka huo ilikuwa kilimo na usalama wa chakula, na kusema kweli, hapakuwa na mahali pafaapo zaidi: ukitoka uwanjani hapo kuelekea upande wowote, hukosi kukutana na miwa au mahindi.

Kwa gwaride, ulinzi na idadi ya magari makubwa meusi, hakuna wikendi iliyowahi kuifikia. Kama ilivyo desturi sherehe hizi zinapohamishiwa kaunti, uwanja ulikarabatiwa mbio mbio, na watu walibishana hadi siku za mwisho kama ungekuwa tayari. Ulitumika. Jukwaa lipo, na jina la Muliro liko juu yake. Kwa kigezo cha kilichobaki, Madaraka hiyo inapata alama nzuri. Kwa kigezo cha nani aliyelipia, ni mlipakodi, awe alialikwa au la.

Ila mwaka 2024 ulikuwa na mambo yake. Mwezi huo huo wa Juni haujaisha, vijana wakajaa barabarani nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha. Julai, Rais akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Na Agosti, bila gwaride wala kikosi cha anga, Wabukusu wakafungua rika jipya ambalo mara ya mwisho lilikuwa limefunguliwa mwaka 1924. Matukio matatu ndani ya wiki chache. Sijui mwaka mwingine wa karibuni uliobanana namna hiyo katika kaunti hii, na nitarudi kwa hayo mawili ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye uzito.

Iliyobadilishwa jina hadi ikachoka

Kabla ya hapo, nishani ndogo kwa tarehe 10 Oktoba. Ilizaliwa Moi Dei. Katiba ya 2010 ikaiacha nje, mahakama ikairudisha mwaka 2017. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na kufikia 2024 ikawa Siku ya Mazingira, ambapo watu wanahimizwa kupanda miti. Mkulima wa Webuye ameipokea kila jina kwa namna moja: amekwenda shambani.

Kongwe, na iliyo na kalenda kali kuliko zote

Tohara ya Wabukusu haiko kwenye orodha ya sikukuu za serikali, lakini haijawahi kuhitaji kutangazwa kwenye gazeti rasmi. Huja Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa, na huitikisa kaunti nzima pamoja na sehemu kubwa ya Trans Nzoia. Asili yake husimuliwa kwa hadithi ya Mango, shujaa aliyelivizia joka lililokuwa likimaliza watu na mifugo, akalikata kichwa, kisha akataka atahiriwe. Pango linalohusishwa na joka hilo, Mwiala wa Mango, bado linaonyeshwa.

Anayeifahamu atakwambia mambo huanza siku nyingi kabla ya kisu. Kijana anafunga njuga za chuma, chinyimba, na kuzipiga mikononi huku akizunguka kualika jamaa, kijiji hadi kijiji, nyuma yake kundi la waimbaji ambao wengine hata hawamjui. Lazima afike kwa mjomba wake, ndugu ya mama, ambako huchinjwa mnyama na kijana akavishwa ukanda wa nyama shingoni, luliki. Arudi nao umening'inia, damu ikimkaukia kifuani. Alfajiri ya siku yenyewe anapelekwa mtoni, anapakwa tope zito kuanzia kichwani, anachomekwa jani refu utosini, na kurejeshwa nyumbani kwa njia tofauti na ile aliyoendea. Pale uani anasimama wima mbele ya ngariba. Hapepesi macho. Aila yote imekuja kutazama kope hizo.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo rekodi ilipo. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka kwa zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kwa hesabu iliyozoeleka, Kolongolo lilifunguka mwaka 1900, Kikwameti 1912, Kananachi 1924, na kadhalika. Kila rika hushika misimu sita ya tohara, yaani miaka 12, isipokuwa moja. Chuma lilianza 1972 na likaendelea hadi 1986, misimu minane mizima. Sawa likapokea 1988. Fanya hesabu mwenyewe: marika saba kwa miaka 12 ni 84, ukiongeza 16 za Chuma unapata 100 kamili. Wazee wasiokuwa na karatasi wametunza karne kwa majina manane, na haujawapotea hata mwaka. Kwa hiyo nishani ya rika refu kuliko yote inakwenda kwa Bachuma, ambao wengi wao sasa ndio wazazi wa wanafunzi wa vyuo, na hawahitaji kuambiwa mara mbili ndipo wajigambe.

Hii ndiyo sababu Agosti 2024 ilikuwa nzito. Kananachi lilikuwa limerudi baada ya miaka mia moja. Waliotahiriwa Kananachi ya kwanza ya karne iliyopita waliingia utu uzima mwaka ambao reli ilifika Eldoret, Webuye ikiwa haijawa mji. Vijana wa 2024 walipigiwa picha kwa simu na kurushwa mtandaoni kabla tope halijakauka. Jina ni lilelile. Nani alilipia? Baba, mjomba, shangazi mwenye kuku wawili, jirani mwenye gunia la mahindi ya busaa. Nani alikuja kwa miguu yake? Wote. Kwa mizani yangu, hii ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote upande huu, na mwenye hoja nyingine alete.

Kumbukumbu kubwa kuliko zote ni ya vita tulivyoshindwa

Ukiwa Webuye mjini, inua macho uone ule ukingo mrefu wa mlima wenye miamba. Hapo ni Chetambe. Mwaka 1895 Waingereza waliokuwa na kituo Mumias chini ya Charles Hobley waliamua kuwanyoosha Wabukusu, ambao walikuwa na bunduki kadhaa mikononi na hawakuwa na nia ya kuzisalimisha. Jeshi lililotumwa lilikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai na Wawanga. Ngome ya Lumboka ikaanguka kwanza. Waliosalimika wakakimbilia Chetambe, boma lenye handaki juu ya ukingo, lililokuwa limejengwa kukabili maadui wenye mikuki. Halikujengwa kukabili silaha za kizungu. Waliokufa humo ni wengi, na waliobaki walipoteza mifugo, watoto na wake waliochukuliwa mateka.

Kwa nusu karne mahali hapo palikuwa pa kukwepwa. Aliyeparudisha kwenye kalenda ni Elijah Masinde wa Kimilili, mtu ambaye peke yake anastahili rafu nzima ya rekodi. Alikuwa mwanasoka hodari kiasi cha kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Baadaye akaanzisha Dini ya Msambwa, akawaambia watu warudie miungu na mababu zao, na Wazungu warudi kwao. Serikali ya kikoloni ilimfunga, ikampeleka hospitali ya Mathari kana kwamba ni mgonjwa wa akili, ikamwachilia mwaka 1947. Mwaka huohuo akaongoza umati wa maelfu kupanda Chetambe kuwatolea sadaka mababu waliouawa pale 1895.

Hebu fikiria jambo hilo. Hapakuwa na likizo. Hapakuwa na kibali. Kwa hakika kulikuwa na hatari. Watu walitembea kutoka Kimilili, kutoka Malakisi, kutoka ng'ambo ya mto, wakapanda mlima kuwalilia watu waliokufa miaka 52 kabla, wengi wao wakiwa babu ambao hawakuwahi kuwaona. Sijaona mkusanyiko mwingine wa kumbukumbu katika eneo hili uliofanywa na wananchi wenyewe kwa ukubwa huo na kwa gharama hiyo. Gharama yenyewe ililipwa upesi. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa waumini pale Malakisi na watu 11 wakafa. Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huohuo na Masinde akakamatwa tena, safari hii kupelekwa mbali kwa miaka mingi. Aliachiliwa uhuru ukikaribia. Serikali ya Kenya huru nayo haikukaa naye vizuri: ilimfunga pia. Alifariki mwaka 1987.

Hivi leo wanafunzi hupanda Chetambe kwa ziara za shule, na wapenzi wa picha hupanda jioni kwa sababu kutoka juu unaona mto, mji na mabomba ya kiwanda cha karatasi kwa pamoja. Mstari wa handaki bado unaonekana kwa anayejua pa kutazama. Anayeujua ni nadra, na hilo ni aibu yetu sisi wenyewe, si ya serikali peke yake.

Jirani zetu wa Kitale wana kumbukumbu yao isiyopenda kelele. Kwa simulizi za mji huo, duara la mawe lililo kwenye uwanja wa Klabu ya Kitale, klabu iliyojengwa na walowezi miaka ya 1920, ni mahali watumwa walipofungwa njiani kuelekea pwani. Wacheza gofu hupita hapo na mifuko yao.

Hotuba ndefu kuliko zote

Wanasiasa wetu wanajulikana kwa kushika kipaza sauti na kukisahau mkononi, lakini hakuna anayemfikia msemaji wa kumuse. Siku chache baada ya mazishi ya mzee wa heshima, watu hukusanyika mapema na kuacha uwanja wazi katikati. Msemaji huyo anaingia na fimbo yake na joho lake la ngozi, anatembea akienda na kurudi, anaanza kuhutubia: asili ya Wabukusu, uhamaji wao, koo zao, vita, maadili, mahali pa marehemu katika mlolongo wote huo. Saa zinapita. Hasomi popote. Hakuna anayemkatiza, na mama anayeinuka na mtoto anayelia hutafuta njia ya nyuma. Manguliechi, aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo katika kizazi kilichopita, alikuwa maarufu kiasi kwamba wasomi wa vyuo vikuu waliandika tasnifu juu ya maneno yake.

Na Agosti ndio mwezi wa kumbukumbu, hata mwaka usio wa tohara. Masinde Muliro, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 na baadaye kati ya waasisi wa chama cha FORD, alifariki 14 Agosti 1992, punde tu baada ya kushuka ndege kutoka London. Michael Kijana Wamalwa alifariki 23 Agosti 2003 huko London, akiwa Makamu wa Rais kwa takriban miezi minane. Hapo kuna rekodi ya kusikitisha ambayo Magharibi inaimiliki karibu yote: aliyemtangulia Wamalwa kwenye kiti hicho, Musalia Mudavadi wa Vihiga, alikikalia kwa miezi miwili tu mwishoni mwa 2002, muda mfupi kuliko wote katika historia ya Kenya. Muliro na Wamalwa wote wamelala Trans Nzoia, na makaburi yao yamegeuka vituo vya hija vya wanasiasa, hususan mwaka wa uchaguzi ukinusa.

Kuku ghali kuliko wote duniani

Huyu hapatikani sokoni Kimilili wala Chwele. Anapatikana kanisani, Jumapili ya harambee, na bei yake haina uhusiano wowote na nyama.

Utaratibu unajulikana. Wiki mbili kabla, kadi za mchango zinasambazwa: karatasi ngumu yenye mhuri wa kanisa juu, mistari ishirini chini, safu ya jina, safu ya kiasi, safu ya sahihi. Mwenye kadi anahakikisha mstari wa kwanza umejazwa na mtu anayejiweza, maana wa pili hawezi kuandika 50 chini ya 2,000 bila kujikuna kichwa. Siku yenyewe mgeni wa heshima anachelewa, kwaya inaimba mpaka inarudia nyimbo, ndipo magari yanaingia. Baada ya bahasha kusomwa, mwongoza shughuli anaagiza mnada.

Analetwa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kamba ya katani, anawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Anaanguka upande mmoja, anatazama mkutano kwa jicho moja. Bei inaanzia alipoamua mwongozaji. Mzee mmoja anaongeza mia, mwalimu mkuu anaongeza mia mbili, kikundi cha akina mama kinajitupa kwa pamoja, na mgeni wa heshima anafunga mjadala kwa kiasi kinachofanya watu washike vinywa. Makofi. Kisha mgeni anatangaza kwamba kuku huyo anampa mama mchungaji. Mama mchungaji naye anamrudisha kanisani. Mnada unaanza upya. Jogoo huyo anaweza kuuzwa mara tatu mchana mmoja na jioni akarudi kulala kwenye banda alilotoka. Nionyeshe soko la hisa lolote lenye mali ya namna hiyo.

Ucheshi kando, kuku hao wamejenga. Jomo Kenyatta alipofanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, Magharibi iliitikia kwa darasa, kwa zahanati, kwa birika la maji. Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa WECO, chuo kilichoasisiwa Kakamega mwaka 1972 kwa michango ya watu wa mkoa mzima. Kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo hicho nacho kilikilea Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015 na kuwa chuo kikuu kamili cha kwanza Bungoma. Kwa hiyo aliyetoa jogoo mwaka 1972 ana vyuo vikuu viwili kwa jina lake, na hakuna bango linalomtaja. Kwangu mimi huyu ndiye kinara wa michango, na namweka juu ya kila mgeni wa heshima aliyewahi kushuka kwa helikopta.

Enzi nzuri za harambee za Webuye zilikuwa enzi za Panpaper. Kiwanda kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1974 kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake Afrika Mashariki na Kati, na mji mzima uliishi kwa tarehe ya mshahara wake. Kilikuwa na timu ya soka iliyocheza ligi kuu; kilikuwa pia na harufu iliyomkaribisha msafiri kabla ya kibao cha barabarani. Kilipofungwa mwaka 2009, hukuhitaji mchumi akueleze kwa nini kadi za mchango zilianza kurudi na mistari mitupu. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Rai kwa shilingi milioni 900, bei ambayo hadi leo huzusha mjadala. Harufu ilirejea, ingawa si kwa ukali uleule, na mji haujapata tena kimo chake cha zamani.

Lililobadilisha harambee kuliko sheria yoyote ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia wakubwa kukusanyisha pesa kwa kutumia vyeo vyao, wakaipita pembeni. Agizo la Julai 2024 lilikuja baada ya vijana kuuliza, kwa haki kabisa, mtu wa mshahara unaojulikana anapata wapi mamilioni ya kugawa kila wikendi. Lakini M-Pesa ilikuwa imeshahamisha shughuli yenyewe kutoka uwanjani hadi kwenye kundi la WhatsApp. Bili ya hospitali, karo ya mtoto aliyeitwa Kibabii, jeneza la kutoka Nairobi: mweka hazina anabandika orodha kila jioni, majina na kiasi, na wa mwisho kabisa anaandikwa hata kama ametoa shilingi 50. Hakuna mgeni wa heshima. Pia hakuna ahadi. Hilo la ahadi ni jema, kwa sababu daftari za zamani za makanisa yetu zina safu mbili, taslimu na ahadi, na ukizifungua utakutana na madeni yenye umri wa kuoa.

Waliokua kuliko wote, na wadogo kuliko wote

Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund lilianza Bungoma na familia zisizofika 50, likiwakopesha mbegu na mbolea na kuwafundisha kupanda kwa mstari. Leo wakulima wake katika nchi kadhaa za Afrika wamepita milioni moja. Kitale nayo ilifikiwa na michango ya ajabu zaidi: mwaka 1983 wasomaji wa jarida moja la Uswidi, Vi, walichanga pesa za kupanda miti Pokot Magharibi. Kazi hiyo ikaweka makao Kitale, ikasambaa nchi jirani, na kufikia sasa imehesabu miti zaidi ya milioni 100. Wasomaji wa gazeti! Mhariri wangu ajifunze.

Marafiki, wale Wakweka waliofika Kaimosi mwaka 1902 kisha wakapanda hadi Lugulu, kilomita chache kutoka Webuye, wametuachia rekodi ya dunia ambayo hatuisemi: hakuna nchi yenye Wakweka wengi kuliko Kenya, na wengi wao wako Magharibi. Dhehebu lilizaliwa Uingereza. Leo mwenye kutaka kuliona kwa wingi wake aende Lugulu Jumapili.

Rekodi nyingine ya dunia, ya saa ya kupimia, ni ya Ben Jipcho, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon. Juni 1973 huko Helsinki alivunja rekodi ya mbio za kuruka viunzi na maji mita 3,000 mara mbili katika mwezi mmoja, akaishusha hadi dakika 8 na sekunde 14. Mimi namkumbuka zaidi kwa Mexico 1968, alipokimbia duru za kwanza za mita 1,500 kwa kasi ya kujiua ili Kipchoge Keino ashinde. Keino alipata dhahabu, Jipcho akamaliza nafasi ya kumi. Mchango mkubwa kama huo haukuandikwa kwenye kadi.

Kwa udogo, hakuna anayeshindana na Saiwa karibu na Kitale: hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita tatu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi. Mwaka huohuo Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa, ya kwanza ya Taifa kujengwa bara nje ya Nairobi. Msingi wake ni vipepeo, vitabu na vitu vya kale alivyovikusanya mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa na makumbusho yake binafsi tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1966. Wikendi ya sikukuu, watoto hujazana kwenye banda la nyoka. Vibanda vya kitamaduni vilivyo uani, vilivyojengwa kuonyesha maboma ya jamii mbalimbali za Magharibi, huwa na nafasi tele.

Krismasi

Nimeiacha mwisho kwa sababu haina mpinzani katika fani yake, ambayo ni usafiri. Hakuna sikukuu inayohamisha watu wengi kwenda Webuye, Bungoma na Kitale kama hii. Karibu kilomita 400 kutoka Nairobi, nauli ikipanda kila siku baada ya tarehe 20 Desemba, godoro juu ya basi, mfuko wa unga wa ngano mapajani. Kuku hawapigiwi mnada, wanaliwa. Ndani ya wiki hiyo hufanyika pia karibu kila jambo nililolitaja: harambee za mwaka, mikutano ya koo, kumbukumbu za marehemu, hata mipango ya tohara ya Agosti inayofuata.

Na kwa sababu nyote mtakuwa nyumbani, nina ombi. Rika litakalofuata Kananachi ni Kinyikeu, na kwa mzunguko wake litafunguliwa mwaka 2036. Bakinyikeu wa mwisho walitahiriwa 1936 hadi 1946; aliye hai kati yao sasa amepita miaka 90, na alikuwa kijana mzima Masinde alipopanda Chetambe. Kama babu yako ni mmoja wao, mwekee simu mbele yake Desemba hii, bonyeza kitufe cha kurekodi, umuulize nani walikuwa juu ya mlima siku ile. Nakala moja ipelekeni Kitale, kwenye makumbusho.